Shuka Moja, Siku Sita

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku hakwenda shule tena leo. Koo lile lile. Homa ya tatu tangu mwaka uanze, na mwaka wenyewe bado mchanga.

Alilala mchana, nikakaa pembeni na nguo za kukunja. Kumbe sikunji, nasikiliza tu. Mtoto wa miaka tisa anakoroma kama mzee mnene. Halafu kimya. Nikaanza kuhesabu — moja, mbili, tatu — nikafika tisa ndipo akavuta pumzi kwa kushtuka, kama mtu aliyeopolewa majini. Tisa! Wiki iliyopita ilikuwa sita.

Niliandika hiyo tisa kwenye karatasi ya sabuni, halafu nikaona itapotea. Ndiyo maana nimechukua hili daftari lake la hesabu la mwaka jana, limebaki nusu. Kazini naandika mashuka ya watu kila siku, nitashindwaje kuandika pumzi za mwanangu. Mwandiko wangu ni wa darasa la sita lakini nausoma mwenyewe.

Tulimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakunyamaza. Sasa anaongea kama ana pamba mdomoni.

Keshokutwa tunamwona daktari wa koo. Hospitali hiyo hiyo ninayofulia. Na safari hii siogopi dirisha la malipo, kadi mpya ipo. Ile waliyoitangaza kwenye redio wiki nzima, kwamba bima sasa ni ya wote, mkubwa na mdogo, na ugonjwa hautamfilisi mtu tena. Nakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Mwaka jana walikata kidogo, mwaka huu karibu mara mbili. Sawa. Kateni. Mradi mtoto apumue.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulifika saa moja asubuhi. Msichana wa dirishani ananijua, huwa ananiomba foronya kuukuu za kufutia meza. Hata hivyo akaniuliza kama anavyowauliza wote: kadi au taslimu? Nikasema kadi, tena kwa sauti, kama mtu anayesema ana gari. Mzee wa nyuma yangu akasema taslimu. Daktari yule yule, chumba kile kile — na bei ya kadi ni karibu mara mbili ya ile ya mzee! Nilimuuliza msichana kwa nini. Akacheka, akasema mama, kadi haisikii uchungu, anayelipa ni Mfuko wa bima.

Mfuko ndiye nani? Nilitaka kumwambia Mfuko ni mimi hapa. Lakini foleni ilikuwa ndefu.

Halafu vipimo. Damu. Mkojo. Picha ya kifua. Mtoto anaumwa koo, mkojo wa nini? Yule mzee wa taslimu aliingia kwa daktari wake akatoka na karatasi ya dawa, basi, hakuchomwa hata sindano ya kidole. Sisi tulizungushwa vyumba vinne hadi Chiriku akasinzia amesimama.

Daktari mwenyewe kijana, mikono yake ya upole. Akamwambia Chiriku aachame, akamulika na tochi, akaguna. Mafindofindo yamevimba yanakaribia kugusana. Nikamweleza habari ya kuhesabu. Hapo akaacha utani. Akasema mtoto akikosa hewa usingizini kila siku, moyo nao unachoka, na si kitu cha kungojea. Yatolewe mwezi huu huu.

Akageukia kompyuta aombe kibali cha Mfuko. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akamwangalia Chiriku, akamwambia aachame mara nyingine, akamulika kwa muda mrefu.

"Mama, huyu alishatolewa mafindofindo," akasema. "Miaka mitatu iliyopita. Hapa hapa kwetu."

Nikaanza kutafuta kadi mkobani, na kadi iko mkononi.

"Mimi nayaona kwa macho yangu. Lakini Mfuko unasema hayapo, na Mfuko haulipii kutoa kitu ambacho hakipo."

Chiriku bado ameachama, maskini, hakuna aliyemwambia afunge.

Nikasema sijui. Mungu anisamehe. Nikasema labda kompyuta imekosea. Akanielekeza kwa mkaguzi wa Mfuko, anakuja kila Jumanne, anakaa kile chumba cha mbao karibu na stoo. Nikamuuliza je, nikilipa mwenyewe? Akaniandikia kwenye kikaratasi, akanisukumia bila kunitazama. Mshahara wangu wa miezi saba. Na hapo bado dawa ya usingizi na vifaa, ambavyo hospitali inasema havipo, vinanunuliwa duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Duka la mume wa meneja. Kila mtu analijua hilo, hata paka wa jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Si kompyuta. Ni mimi.

Hapa naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mdogo wangu ana binti, tunamwita Bibiye kwa vile hutembea kama mwenye nyumba. Alizaliwa miezi miwili baada ya Chiriku. Mama yake alipolazwa niliwanyonyesha wote wawili, huyu huku, huyu huku. Miaka mitatu iliyopita Bibiye ndiye aliyekuwa anakabwa na mafindofindo. Mdogo wangu ni msusi, hana mwajiri, hakuwa na kadi. Mimi nilikuwa nayo, ile ya zamani ya wafanyakazi wa hospitali. Haikuwa na picha wala alama ya kidole. Nikamshika Bibiye mkono, nikatoa kadi ya Chiriku dirishani, nikasema ni mwanangu. Wala sikuona kama ni uongo. Mtoto wa mdogo wangu ni wa nani?

Tulimfundisha aitikie jina la Chiriku. Aliitikia vizuri kuliko mwenyewe. Alilala usiku mmoja, akaamka anadai barafu, tukaondoka.

Na nani hakufanya? Bi Kunja, ninayekunja naye mashuka, alimtibia shemeji yake kwa kadi ya marehemu mumewe. Marehemu alipimwa sukari mwaka mzima baada ya kuzikwa. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Halafu ikaja hii bima ya wote. Kadi zote za zamani zikamwagwa kwenye Mfuko mmoja, pamoja na yaliyomo. Sasa nacheka nini.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda saluni kwa mdogo wangu. Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nikangoja hadi akamaliza upande wa kushoto. Tukatoka nje.

Nilimwambia nitakwenda kwa mkaguzi nieleze. Akanishika kiwiko kama anaanguka. Kwenye ukuta wa kila hospitali kuna tangazo, herufi nyekundu: kuazimana kadi ni kosa la jinai. Familia inafungiwa kadi, na mtu anashtakiwa. Anasema sasa hivi na yeye analipia kadi yake, sheria mpya imemlazimisha, awe na wateja asiwe na wateja, na akifungiwa atakuwa amelipa bure. Kisha wataanza kumhoji Bibiye, mtoto wa miaka tisa.

Nikamwambia Chiriku amefika kumi bila kuvuta pumzi. Halafu akasema lile ambalo limenikaa kifuani.

"Kwa hiyo, dada, ungemwacha wangu akabwe?"

Sikusema hivyo. Wala sikuwaza hivyo. Lakini nimerudi nyumbani najitetea njia nzima, peke yangu, midomo inacheza, watu wananiangalia.

Jumanne, 11 Machi

Nimejiponza. Mdomo wangu huu.

Mkaguzi ni mtu wa makamo, koti limechakaa viwiko, ana kikohozi kidogo. Nilijipanga: nitasema kompyuta imekosea, basi. Akachapa karatasi ya matibabu ya Chiriku, akanigeuzia nisome mwenyewe. Nikasoma polepole. Kulazwa siku sita. Hewa ya mtungi. Damu, mifuko miwili. Wapasuaji wawili. Daktari bingwa wa watoto, ziara sita. Sikuelewa mambo mengine lakini namba nazijua.

Hasira ikanipanda kabla ya akili.

"Siku sita? Alilala usiku mmoja. Shuka lake nililifua mwenyewe, lilikuwa moja!"

Mkaguzi akaweka kalamu chini.

"Lilikuwa na damu kwenye pembe," nikaendelea, kama mjinga, "nikaliloweka. Nimeandika."

"Umeandika wapi, mama?"

Basi nikaharibu yote. Nikamweleza daftari. Kwamba mwaka wa kwanza kazini nilisingiziwa wizi wa mashuka, nikakatwa mshahara, na tangu siku hiyo kila shuka linaloshuka kutoka wodini naliandika: siku, wodi, mashuka mangapi, foronya ngapi. Hakuna aliyeniagiza. Ni yangu, ya kujilinda. Yamefika tisa, yako kwenye rafu juu ya mashine ya kukaushia.

Akainuka akafunga mlango, na mlango wenyewe wa mbao hauzuii kitu. Akaniuliza wodi ya watoto inashusha mashuka mangapi kwa siku. Kila kitanda chenye mtoto kinabadilishwa kila asubuhi, nikamwambia, kwa hiyo sita. Saba. Kipindi cha mafua, tisa. Akasema Mfuko umelipia vitanda kumi na viwili. Vimejaa, kila siku, kwa miaka mitatu. Akasema ameshaona kila aina ya kitabu katika kazi hii na vyote vinakubaliana, kwa sababu vinaandikwa na mtu mmoja. Hakuna aliyefikiria kuwauliza wafuaji.

Nikadhani ameisahau habari ya nani alilala. Hakuisahau. Akaniuliza taratibu mtoto yule alikuwa nani, maana huyu wako koo lake bado zima. Nikalia. Nikamwambia. Alinipa karatasi ya kufutia machozi, moja aliyokuwa ameichapa kimakosa.

Anasema nikimpa madaftari na kuweka sahihi kama shahidi, ataandika kwamba kosa limetokana na madai ya hospitali, na mimi atajaribu kunilinda. Ataomba na rekodi ya Chiriku isafishwe ili kibali kitoke. Kwa muda gani? Wiki sita, pengine nane. Na kunilinda — alisema "nitajaribu". Hakusema "nitakulinda". Nililisikia hilo neno.

Jumatatu saa nne asubuhi atakuja na barua ya kuyachukua.

Wiki nane! Hesabu ya pumzi imefika kumi na moja.

Jumatano, 12 Machi

Bi Kunja ameniona uso umenivimba, nikamweleza nusu. Hakushangaa. Alisema hivi, tukiwa tumeshika shuka kila mtu pembe zake: sisi tulichota kwa kikombe, wao wanachota kwa pipa, na anayejaza ni yule yule. Akanisogelea tukakutanisha pembe, akasema, "Ni wewe na mimi, mwenzangu. Nani mwingine?"

Ndiyo maana nakatwa zaidi kila mwaka. Sikuwahi kuliona jambo hili kwa picha moja. Nilidhani dawa zimepanda. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Na aibu ninayo. Kile kikombe ni changu.

Alhamisi, 13 Machi

Meneja ameniita ofisini. Miaka kumi na moja nafua hapa, sijawahi kukanyaga zulia lile. Nilivua viatu mlangoni, akanicheka kwa upole akasema vaa, mama, vaa.

Anajua yote. Kile chumba cha mbao, nilisema mimi, hakizuii kitu.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema sisi hapa ni familia, na amesikitika kwamba mtoto wa familia anateseka na mama yake hakufika kwake moja kwa moja. Chiriku atapasuliwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Bure. Dawa ya usingizi bure, vifaa bure — vimepatikana ghafla! Kuna kitu kinaitwa msamaha wa mfanyakazi. Miaka yote hiyo sikukisikia. Bi Kunja alipovunjika mkono hakikuwepo.

Nilitaka kumshukuru, na nilimshukuru, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Machozi yalinitoka kweli. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Nikiwa mlangoni ndipo akaongeza, kama jambo lililompitia tu kichwani, kwamba pale chumba cha kufulia kuna makaratasi mengi ya zamani, na karibu na mashine ya moto ni hatari. Jumatatu asubuhi wanafanya usafi, kila kitu kinakwenda kwenye tanuri la taka.

"Uyalete mwenyewe, mama. Usimtume mtu."

Ijumaa, 14 Machi

Karatasi za mshahara zimetoka. Makato ya Mfuko yanapanda tena kuanzia mwezi ujao. Chini wameandika sababu: gharama za matibabu zimeongezeka.

Nimecheka peke yangu chooni. Kicheko kibaya.

Kumi na mbili.

Jumapili, 16 Machi

Madaftari nimeyaleta nyumbani tangu jana, kwenye foronya. Leo nimeyapanga kitandani. Tisa. Mengine yana alama za maji, moja limeliwa na mende pembeni. Mwandiko wa mwanzo unanitia haya, herufi kama kuku amepita.

Nimeitafuta ile siku. Nimeipata. "Wodi ya watoto: mashuka 6, foronya 6. Moja lina damu kidogo, loweka." Ndiye Bibiye huyo. Hapo ndipo alipo kweli, siyo kwenye kompyuta yao. Kwenye "loweka".

Nikawaza nilichome lile moja tu. Nikawaza niyafiche yote, niseme yaliungua. Nikawaza niyakabidhi baada ya upasuaji. Lakini meneja anayataka asubuhi, na mkaguzi anayataka saa nne, na upasuaji ni saa tatu. Kama wamekaa meza moja wakapanga!

Mtu mwenye akili angefanya nini? Nimsubirishe mwanangu wiki nane kwa ajili ya haki ya Mfuko? Mfuko umewahi kunisubiri mimi? Lakini tena nikiyachoma, mwezi ujao watakata, na mwaka ujao watakata, na mama mwingine ataonyeshwa kikaratasi cha miezi saba. Kichwa kinaniuma.

Mchana mdogo wangu amekuja kumsuka Chiriku, nywele zibane vizuri zisisumbue kesho. Ana furaha, sijui ameipata wapi. Ananiambia dada, punguza wasiwasi, kila kitu kiko sawa, nimeshakaa na meneja. Umekaa naye lini? Akasema juzi Ijumaa, kusalimiana tu. Nikaona anamnong'oneza Chiriku na Chiriku anarudia kitu kwa midomo, kama shairi la shule. Nilipoingia na maji wakanyamaza wote wawili.

Sikuuliza. Nimechoka kuuliza vitu.

Jumatatu, 17 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Wodi ya watoto, kitanda cha nne. Naandikia gotini.

Chiriku amevaa gauni la upasuaji, limefungwa mgongoni kwa kamba. Ameambiwa asile wala asinywe, ametii. Shuka lake nalijua, nililifua Ijumaa, lina kiraka pale miguuni nilichoshona mwenyewe. Vitanda kumi na viwili, watoto watano. Nimehesabu mara mbili kwa mazoea.

Foronya yenye madaftari iko chini ya kitanda, nyuma ya ndala zangu. Tarishi wa meneja ameshapita kuulizia mzigo. Nilimwambia nimeusahau nyumbani, nitauleta mchana. Akasema atarudi kuhakikisha. Uongo mwingine. Nimekuwa hodari sasa.

Saa tatu kasoro robo.

Nimesoma karatasi iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda. Nilidhani ni macho yangu. Nimeisoma tena kwa kidole, herufi moja moja.

Jina si la Chiriku. Ni la Bibiye. Jina lake lote la cheti, na namba ya kadi ya mama yake. Na chini yake: kulazwa, siku ya nne. Siku ya nne! Tumeingia saa moja iliyopita.

Mdogo wangu alikuwa koridoni. Nilimvuta hadi kwenye pembe wanapoweka ndoo. Hakukataa. Alisema meneja alimwambia bure si bure hivyo, lazima mtu alipe, na rekodi ya Chiriku imefungwa, kwa hiyo inatakiwa kadi yenye koo ambalo halijaguswa. Ijumaa alimleta Bibiye akaweka kidole kwenye mashine. Dakika mbili, akapewa peremende. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu na machozi juu. Akaniambia hivi:

"Uliniazima jina, dada. Leo nimekurudishia."

Nimuelezeje? Alikuwa ananipenda, ndiyo shida. Nilimkumbatia. Sikujua kama namkumbatia au namkaba.

Basi ndio msamaha wa mfanyakazi huo. Nani amemsamehe nani? Siku nne zinakwenda kwa Mfuko, na zitakuwa sita, na damu mifuko miwili, na bingwa. Mwezi ujao nitakatwa, nitaambiwa gharama zimeongezeka. Nitakuwa nimelipa. Na Bibiye akija kuumwa koo siku moja, atamulikwa na tochi kama alivyomulikwa huyu, aambiwe kitu chake hakipo.

Daktari yule kijana wa mikono ya upole hayupo leo. Wanasema amepewa likizo. Ameletwa mwingine, hajamwona Chiriku hata mara moja.

Mkaguzi amenipigia simu. Ameshafika, yuko getini, amewahi kwa sababu anaogopa madaftari yasije yakapotea. Sauti yake ina furaha kama ya mtu anayekwenda harusini. Anauliza niko wapi anifuate. Nilimwambia wodi ya watoto. Mbona nilimwambia? Ningesema niko kazini!

Akija hapa ataiona hii karatasi kwanza. Ile ya miaka mitatu iliyopita angeweza kujaribu kunilinda. Hii ya leo? Wino haujakauka. Kidole cha Bibiye cha Ijumaa. Mdogo wangu amekaa pale kwenye benchi na pochi yake mapajani, anamwombea mwanangu.

Nikimpa foronya, anapasuliwa nani saa tatu? Hakuna mtu. Na nisipompa, nimeandika madaftari tisa kwa ajili gani.

Chiriku alikuwa amejilaza. Akasinzia kidogo. Nikaanza kuhesabu bila kutaka. Nilifika kumi na nne. Nilikuwa nimeshamshika bega nimtikise ndipo akavuta. Alifungua macho akaniuliza, kwa ile sauti ya pamba:

"Mama, leo mimi ni nani?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akasema mama mdogo amemfundisha aitikie jina la Bibiye akiitwa, lakini amesema pia nisijue, na sasa anaona najua, kwa hiyo hajui bado ni Bibiye au ameshaacha.

Nimemwambia angoje. Ndicho nilichoweza. Ngoja kidogo, mama.

Magurudumu yanakuja. Nesi wa chumba cha upasuaji na mwanamume wa kusukuma kitanda. Hawatujui. Nesi ana orodha. Nyuma yao, kule mlangoni, naona koti lenye viwiko vilivyochakaa, anamuuliza mtu njia, mtu anamwonyesha huku.

Nesi amesema niinuke, wakishamtoa mtoto wanabadili shuka, na wanafagia chini ya kitanda. Nikamwambia shuka hili nitalibadili mwenyewe. Amenishangaa.

Amesoma jina kwenye orodha. La Bibiye.

Amelisoma mara ya pili, kwa sauti zaidi. Mkaguzi amegeuza kichwa.

Chiriku hajaitikia. Mdomo uko wazi. Ananitazama mimi.